Vunja Jungu Msituni Shimba

Mji wa Kale, Mombasa
9 Juni 1947

Shoga yangu Jael,

Salamu nilizokuwekea mwaka mzima ukizichukua zote leo utahitaji hamali wa kukubebea, kwa hiyo nakupa moja tu: hujambo? Bwana Ogutu hajambo? Baridi ya huko milimani imeshawafundisha kulala mapema kama kuku?

Sisi hatujambo. Nyumba ni ile ile, ila chumba cha chini mlichopanga nyinyi bwana wangu Abdulgani amekijaza majora ya kaniki. Asubuhi nikishuka ngazi husahau, nikataka kukugongea tunywe chai, halafu nakumbuka kwamba Bwana Ogutu amehamishiwa ofisi ya Kwale na kwamba humo ndani hamna wa kunijibu ila nguo za dukani.

Sasa sikiliza. Mfungo unakaribia, na wanawake wa kichochoro chetu wameshaanza kuulizana vunja jungu ya mwaka huu tutakwenda kuila wapi. Jibu lao ni lile lile: tukatandike mikeka pwani, tule pilau yenye mchanga, turudi tukisema tumefurahi. Mwaka jana nilitafuna mchanga mpaka jino likanicheza. Mwaka huu nimesema basi, tunakuja kwako.

Tutavuka feri alfajiri, tushike basi Likoni, tufike Kwale jua likiwa bado changa. Wewe utatuongoza msituni Shimba kutwa nzima, mpaka kwenye yale maporomoko uliyoniandikia. Tutakula huko tukisikia maji, jioni turudi. Watu wa kwetu ni mimi, na jirani yetu Mwanaesha unayemjua kwa uoga wake, na Tasleem mpwa wangu, ambaye ana miguu ya paa ila ukimtuma jikoni huwa kiguru. Pilau juu yangu, sambusa juu ya Mwanaesha. Wewe utupe njia tu.

Nami sikufichi, msitu ni sababu tu. Nataka kukuona. Mwaka mzima ni mwingi.

Wako,
Razia


Kwale
16 Juni 1947

Mpendwa dada Razia,

Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea Ogutu, akacheka mpaka chai ikammwagikia shati la kazini. Sisi wazima kwa neema ya Mungu. Mihogo imestawi, kuku wanataga, na nyumba yetu ndiyo ya mwisho barabarani kabla ya msitu, kwa hiyo asubuhi ndege wa huko ndio wanaotuamsha.

Kuhusu safari, dada, nasikitika. Mvua bado haijatuacha. Njia ya maporomoko inateremka bondeni, na udongo wake mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Miti imefungamana juu hata adhuhuri jua halifiki chini, na nguo ikilowana humo haikauki mpaka urudi nyumbani. Mbega wenyewe, waliozaliwa humo, nawaona wamejikunyata matawini wamekunja mikia. Naogopa mtateguka miguu mkauanzia mfungo kitandani.

Tungoje mwakani, Mungu akipenda. Usidhani sitaki.

Msalimie Bwana Abdulgani, na Mwanaesha, na mpwa wako.

Ni mimi rafiki yako,
Jael


Mji wa Kale, Mombasa
20 Juni 1947

Jael wangu,

Mwakani! Mwakani nani anajua atakuwa wapi? Mvua ni maji, na maji hayajapata kumla mtu wa Mombasa. Nimeyatengeneza yote.

Kwanza nimeisukuma siku mbele mpaka Jumapili tarehe kumi na tatu Julai, ndiyo Jumapili ya mwisho kabla ya mwezi kuandama. Mpaka hapo udongo wako utakuwa umeshika adabu. Pili, viatu. Abdulgani amezungumza na mwenzake wa duka la viatu, tumepata raba tatu zenye soli za meno. Zangu zanibana kidogo, za Mwanaesha ni za kiume kwa sababu mguu wake ni baraka kubwa. Tatu, miavuli.

Na zaidi ya hayo tunafanya mazoezi! Kila baada ya sala ya alasiri tunatoka kichochoroni, tunapita nyuma ya Ngome, tunashika njia mpaka Feri, tunagusa ukuta wa pale tunarudi. Siku ya kwanza wanaume wa barazani waligeuka wote, vikombe vya kahawa mkononi, wakitazama buibui tatu zinazopita mbio na raba nyeupe zikichungulia chini. Mmoja akauliza, “Hawa wamekimbia waume ama wamekimbiza?” Mwanaesha akamjibu bila kusimama, “Twajifunza kukimbia ndovu, yakhe! Nawe waonaje, wataka kuja uwe ndovu?” Tangu siku hiyo wanatusalimu kwa heshima.

Kwa hiyo usiniambie tena habari za sabuni. Niandikie tu tukifika Kwale tushukie wapi.

Razia


Kwale
27 Juni 1947

Dada Razia,

Umenichekesha mpaka nimeshika mbavu, na nimeisoma ile ya ndovu tena na tena. Lakini ndovu wa kweli wapo. Juzi walipita shambani kwa jirani, wakamng’olea migomba yote wakaiacha imelala kama watu waliochoka. Mimi siwezi kuwachukua wanawake watatu wa mjini niwaingize humo kwa jina langu. Likitokea jambo nitamwambia nini Bwana Abdulgani?

Tena, nisikufiche, siku hizi mimi mwenyewe sina nguvu. Tumbo linanisumbua. Asubuhi nyingine siwezi hata kuinuka kuchota maji, na harufu ya mafuta ya kupikia inanitoa mlangoni. Kilima sitakiweza. Si ugonjwa wa kuogopesha, usihangaike. Ni tumbo tu, litapoa.

Nendeni pwani mwaka huu, dada. Mkila, mnikumbuke.

Jael


Mji wa Kale, Mombasa
1 Julai 1947

Jael mpenzi,

Habari ya ndovu imekwisha. Jana amekuja dukani mtu wa huko kwenu, jina lake Masha, askari wa msitu, alikuja kununua kaniki ya mkewe. Nikamkalisha, nikampa chai na sambusa, nikamuuliza kila kitu. Anasema ndovu siku hizi wako upande wa pili, kwenye nyasi ndefu wanakokaa palahala, wale paa wakubwa wa pembe ndefu, na kwamba njia ya maporomoko anaijua tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Atatangulia na panga, sisi nyuma. Malipo yake amechagua kaniki nyingine. Tumekubaliana.

Sasa tumbo. Mbona hukuniambia mapema? Nyumba nzima imenicheka kwa jinsi nilivyokuwa na wasiwasi. Wewe unajua desturi yetu, kabla ya mfungo kila mtu hunywa haluli asafishe tumbo, mdogo kwa mkubwa. Na tumbo lako hilo la harufu na kichefuchefu ni uchafu uliokaa tu. Masha anakuletea mfuko wa haluli pamoja na barua hii. Koroga yote katika kikombe cha maji ya moto, unywe alfajiri kabla hujala, ushinde karibu na choo. Itakuendesha kutwa, usiogope, ni kali lakini yaponya. Siku ya pili utakuwa mwepesi kama Tasleem.

Ukimaliza niandikie. Mpaka nipate habari yako sili nikashiba.

Razia


Kwale
5 Julai 1947

Dada Razia,

Ahsante kwa dawa. Nimekunywa kama ulivyoniagiza na tumbo limepoa, usiwe na wasiwasi tena.

Lakini Jumapili ile haitawezekana. Mama mkwe amefika kutoka kwao Nyanza kwa gari la moshi, amekuja kukaa nasi, na haifai nimwache peke yake nyumbani nikatembee msituni. Nyumba yenyewe ni ndogo, hata pa kuwakaribisha sina. Masha anaweza kuwachukua moja kwa moja kutoka kituo cha basi, msijisumbue kupita kwangu.

Naomba usikasirike.

Jael


Mji wa Kale, Mombasa
8 Julai 1947

Jael,

Naandika mbio juu ya meza ya duka. Abdulgani ametangulia Feri kumzuia dereva wa basi asivuke kabla hajaichukua barua hii. Nimemwambia amlipe dereva chochote, aje mpaka mlangoni kwako, akungoje ujibu.

Masha alikuwa hapa sasa hivi kuchukua kaniki yake. Nikamwambia, mke wa karani haji tena, ana mgeni. Akasema, “Na vyema asije, bibi. Tumbo lile si la kupanda kilima. Mwacheni alee mimba yake.”

Nataka ujue hili kabla ya jingine lolote: nilicheka. Nilipiga makofi mbele ya wateja. Furaha ndiyo iliyotangulia, Jael, naapa, haikutanguliwa na kitu.

Halafu nikakumbuka haluli.

Unajua inavyofanya. Hakuna mwanamke wa mji huu asiyejua kwamba mwenye mimba hapewi haluli, yaweza kuishusha kabla ya wakati. Nami nilikuandikia uinywe yote, alfajiri, tumbo tupu. Nawe umeniandikia umeinywa. Niambie ni uongo. Nakuomba, nakupigia magoti, niambie ulinidanganya. Sijapata maishani kumuomba mtu awe mwongo.

Kama umekunywa, nenda sasa hivi kwa daktari, usingoje kuona chochote. Dereva huyo huyo akupeleke, nitalipa.

Na kama ni salama, basi nijibu neno moja tu. Mengine sitaki kuyajua leo.

Razia


Kwale
8 Julai 1947

Dada yangu Razia,

Sikunywa. Nilikudanganya. Niliimwaga yote nyuma ya jiko siku ile ile Masha alipoileta. Mtoto yupo, usiku wa jana amenipiga teke. Pumua, dada.

Dereva amekaa kwenye kizingiti anakula ndizi, kwa hiyo ninao muda wa kukuambia yaliyobaki, ingawa umesema huyataki. Nikinyamaza leo nitanyamaza milele.

Ni mwezi wa tano. Nilijua tangu Pasaka haijapita, na kila nilipokuandikia nilitaka kukuambia, nikaogopa. Wewe ndiye uliyenishika mkono mara zote mbili nilipoharibikiwa, katika kile chumba cha chini. Wewe ndiye uliyezifua zile shuka kwa mkono wako, hukukubali mtumishi aziguse. Sina dada aliyenifanyia hivyo.

Ogutu alipomwandikia mama yake kwamba nina mimba tena, jibu lilikuja haraka. Mama mkwe alisema: hizo mbili ziliharibika katika nyumba ya mwanamke asiyezaa. Alisema jicho la mwanamke kama huyo halikusudii ubaya, lakini njaa iliyo ndani yake inakula chochote inachokiona. Akasema wewe usijue, na ukijua usinitazame mpaka mtoto awe amekaza shingo. Kisha akapanda gari la moshi akaja mwenyewe kunilinda.

Mimi ni Mkristo, dada. Kila Jumapili nakaa kiti cha mbele. Ningepaswa kumwambia kwamba Mungu ndiye atoaye na jicho si kitu. Lakini nimezika wawili. Mtu aliyezika wawili akiambiwa asipite chini ya mti fulani, hapiti, hata kama ni mti wa kivuli kilichompumzisha. Ndiyo sababu ya mvua, na ndovu, na tumbo, na mgeni.

Sisemi usije. Na kusema uje sithubutu. Unaona jinsi nilivyo.

Wako mwenye aibu,
Jael


Mji wa Kale, Mombasa
11 Julai 1947

Jael,

Alhamdulillahi. Nilipoisoma “sikunywa” nilikaa chini pale pale Feri nilipokuwa nikimngoja dereva, katikati ya wauza machungwa, na Abdulgani akanishikia buibui isikanyagwe. Hayo ndiyo niliyoyataka, na nimeyapata.

Yale mengine yameniuma. Nikisema hayakuniuma nitakuwa nakudanganya, na sisi wawili tumedanganyana vya kutosha.

Unadhani hayo ni mapya kwangu? Jael, mimi nimeolewa nikiwa na miaka kumi na saba, sasa nimepita thelathini. Nikialikwa arubaini ya mtoto, nafasi yangu ni karibu na mlango. Mtoto akiletwa kuonyeshwa wageni, anaanzia upande wa pili wa chumba, na akinikaribia huwa ameshalala, au ameshikwa na njaa, lazima arudishwe ndani. Kuna mama mmoja hapa kichochoroni, akisikia viatu vyangu humpaka mwanawe wanja mkubwa usoni wa kumkinga na jicho, maskini mtoto amekuwa kama sufuria. Mimi hutamka mashallah tangu mlangoni, kwa sauti, kabla hata sijajua kama mna mtoto ndani. Nimezoea. Mwanaesha peke yake alinipa wanawe niwabebe, na ndiyo sababu namvumilia sambusa zake.

Lakini wewe, Jael. Nilidhani kwako mimi sina jicho, nina macho tu kama watu.

Nikuambie na jingine, ambalo hata Abdulgani hajui. Neno likisemwa sana hata mwenyewe huanza kulisikiliza. Ulipoharibikiwa mara ya pili, usiku ule nilijitazama kiooni nikajiuliza: jioni nilikuwa nimeliangalia tumbo lako nikatamani. Je, nilisema mashallah? Sikukumbuka. Hata leo sikumbuki. Kwa hiyo mama mkwe wako simchukii. Amesema kwa sauti kitu ambacho mimi nilijisemea kimya.

Sasa tuje kwenye safari. Kuivunja siwezi, mchele umeshaoshwa, Tasleem hajalala siku tatu kwa furaha, na Mwanaesha amewaambia watu wote wa Mji wa Kale kwamba yeye haogopi ndovu. Tutakuja Jumapili. Masha amenieleza kwamba njia ya kuingilia msituni ni moja tu, nayo inapita mlangoni pako, vinginevyo ni kuzunguka bonde lote na miguu ya Mwanaesha haitatufikisha. Tutapita mara mbili, asubuhi na jioni.

Usitoke nje. Usinipungie mkono. Mimi nitageuza uso upande wa pili tangu ule mti mkubwa anaosema Masha uko kabla ya nyumba yenu, mpaka niingie msituni. Sitakuona na sitaliona tumbo lako. Mwambie mama mkwe kwamba nimeahidi.

Na wakati wako wa kujifungua ukipita salama, niandikie jina la mtoto.

Razia


Kwale
15 Julai 1947

Dada Razia,

Nimekaa siku mbili nikitafuta namna ya kuanza. Nitaanza tu na nilichokiona, kwa sababu wewe hukukiona.

Tangu asubuhi nilikuwa nyuma ya dirisha, pazia limefungwa, nimeacha mwanya wa jicho moja. Mama mkwe alikaa mlangoni na fimbo yake, kama askari. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, kwa sababu Mwanaesha alikuwa anaimba ili ndovu wajue anakuja. Masha akatokea wa kwanza, kisha Tasleem na kapu kichwani, kisha Mwanaesha, kisha wewe.

Ulikuwa umegeuka kabisa. Si uso tu, bega lote umelipeleka upande wa shamba, na ukaya umeushusha machoni. Ulikuwa unatembea kama mtu anayeongozwa. Ukafika mbele ya nyumba hasa, pale palipo na kisiki cha mwembe uliokatwa, nami nikakiona kisiki, nikaona hukioni. Nilitaka kupiga kelele. Nikalikamata pazia tu, Razia. Ukajikwaa, ukaanguka kwa magoti yote mawili, sufuria ya pilau ikakutoka mkononi, kifuniko kikabingirika mpaka kizingitini petu. Mtu yeyote akianguka hivyo hutazama alipoangukia. Wewe ulibaki umepiga magoti, uso umeupeleka shambani, mkono unapapasa nyuma ukitafuta kifuniko kama kipofu. Mwanaesha akasema, “Geuka basi, Razia, kiko hapo nyuma yako, waona!” Ukamwambia, “Nipe wewe. Mimi sigeuki.”

Mama mkwe aliinuka. Nilidhani anakwenda kuwafukuza. Akaokota kile kifuniko, akakifuta kwa kanga yake, akamkabidhi Tasleem. Mkaenda zenu. Akasimama pale barabarani mpaka miti ilipowameza.

Mchana tulisikia kwa mbali vicheko vyenu vikipanda kutoka bondeni, na mbega wakilalamika. Yeye anamenya mihogo tu. Jioni mkapita tena, wewe umegeukia upande wa pili, safari hii Tasleem amekushika mkono, na unachechemea. Mlipotoweka ndipo akasema. Amesema kwa Kijaluo, nami nakufasiria: “Mwenye njaa haachi kutazama chakula. Yule ameanguka mbele ya mlango wetu na hakutazama. Nilikosea mtu.”

Kisha akalia, dada. Alikuwa na binti, ndugu yake Ogutu, ambaye hakuzaa, na kijiji kilimfanyia yale yale unayofanyiwa wewe, naye akiwa mama mtu aliyanyamazia. Binti huyo sasa hayupo tena duniani. Sikujua mpaka jioni hiyo.

Mimi sina cha kujitetea. Nilikuwa nyuma ya pazia nikikutazama ukianguka, na sikufungua mlango. Hilo nitalibeba mimi. Bado naogopa, sitakuambia kwamba hofu imekwisha. Naogopa mvua, naogopa kuinama, naogopa kila maumivu madogo. Lakini wewe sikuogopi, na nataka uje. Mama mkwe mwenyewe ndiye anayekuita, amesema nisipokuandikia ataandika yeye, na yeye hajui kuandika.

Njoo siku yoyote. Magoti yako yanaendeleaje?

Jael


Mji wa Kale, Mombasa
22 Julai 1947

Jael wangu,

Barua yako ilifika jioni mwezi ulipoandama, watu wote wako juu ya mapaa wanautafuta, mimi niko ngazini nasoma. Tangu hapo nimeisoma kila siku. Goti moja limepona, la pili lina kigaga ambacho Tasleem anawaonyesha wageni kama alama ya meno ya ndovu.

Msitu ule ni mzuri, na siku moja nitakusimulia vizuri. Pilau iliyobaki tuliila chini ya mti ambao sisi watatu na Masha tulipoukumbatia mikono haikukutana. Mwanaesha alivua raba akatia miguu majini, akakataa kutoka, tukadhani tutamwacha huko.

Mimi sikula sana. Nilikuwa nahesabu njia ya kurudi, ile ya kupita mlangoni pako.

Nimemuonyesha Abdulgani barua yako, na nimemwambia pia lile la kioo, ambalo nilikuwa nimemficha. Nikamwambia kwamba wao wamekwisha kuniita, lakini sasa mimi ndiye ninayeogopa. Nikamuuliza, na kama ni kweli? Amekunja kitambaa chake mpaka mwisho, unamjua asivyo na haraka, kisha akasema, “Mimi umenitazama miaka yote hii, Razia. Nimekonda?” Nikacheka na kulia pamoja, na huyo ndiye mume niliyepewa.

Nitakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Mwambie mama mkwe asipike wala asihangaike na chai, nimefunga. Siji kula wala kutembea msituni. Nitakaa mbele yako nikutazame, mpaka basi la kurudi lije.

Razia